Habari za Ndiga na Ming'oko

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne, mna habari ambayo walimu wengi huipita upesi wakikimbilia miujiza mikubwa zaidi. Njaa ilikuwa katika nchi ya Gilgali. Wanafunzi wa manabii walikuwa wameketi mbele ya Elisha, naye akaamuru chungu kikubwa kitelekwe motoni. Mmoja wao akatoka kwenda kutafuta mboga, akaona mmea wa mwitu utambaao, akajaza nguo yake matunda, akarudi akayakatakata chunguni, wala hapakuwa na mtu aliyeyajua. Walipoonja tu wakalia kwamba chakula kile kitawaua. Elisha akatia unga, nacho kikawa chema.

Sisi tumeifundisha habari hiyo mara nyingi, na kila mara tulikaza neno juu ya unga wa nabii. Hata siku moja hatukukaza neno juu ya yule mtu aliyetoka kutafuta mboga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na njaa, tena alitaka kuwasaidia wenzake, na upungufu wake ulikuwa mmoja, ya kuwa hakuijua mimea ya nchi. Tangu mwaka ule tutakaoueleza hapa twamfikiri mtu huyo kuliko tunavyoufikiri ule unga.

Nchi tukaayo ni upande wa Masasi, kusini mwa Tanzania, ambako mvua huja mara moja kwa mwaka, tangu Desemba hata Aprili. Miaka michache iliyopita mvua ilikatika mwezi wa Februari. Mtama ulikauka ukiwa umefika magotini, mahindi yakatoa magunzi matupu. Ikabaki mihogo, nayo ikaisha kabla ya Oktoba. Nyumba moja ya mtaa wetu, watu wapole, wasiokosa kanisani, ikakaa siku mbili bila kupika. Mama wa nyumba ile akatwaa jembe, akateremka kwenye vichaka vya bondeni, akarudi na kikapu kimejaa viazi vikubwa vya mwituni. Hakuvijua kwa hakika. Alikumbuka tu kwamba bibi yake alivila zamani, na kwamba viliwekwa majini kwanza. Basi akavimenya, akavikata vipande vinene kama vya mhogo, akaviloweka usiku mmoja katika ndoo, na asubuhi akavichemsha. Watoto walikula wakicheka.

Vile viazi vilikuwa ndiga. Kabla ya adhuhuri watu wote watano wa nyumba ile walikuwa wakitapika, vinywa vikiwawasha kama waliotafuna pilipili, na kizunguzungu kikiwaangusha chini. Watoto wakashikwa na degedege. Tuliwapeleka hospitali kwa gari la jirani. Wanne walipona. Mtoto wa mwisho, msichana wa miaka minne, alikufa njiani. Tulimzika kesho yake, na sisi ndio tuliosoma sala za maziko.

Watu walipokwisha kutawanyika, bibi mmoja mzee sana alitujia akiegemea fimbo yake. Bibi huyu hajabatizwa, na nyumba yake na nyumba ya msiba hazitengani hata hatua hamsini. Akatuuliza, "Mwalimu, kwa nini hawakuniuliza?"

Hatukumjibu. Jibu tulikuwa nalo, lakini lilitutia haya. Bibi yule anajulikana katika mtaa kuwa mtu wa mizizi na dawa, na sisi wenyewe, katika mafundisho ya wanaojiandaa kubatizwa, tulikuwa tumewaambia watu wasiingie nyumbani kwake. Tulifikiri habari ya uganga na hirizi. Habari ya chakula haikutupitia moyoni kabisa. Mama wa marehemu alituambia baadaye ya kwamba usiku ule alisimama mlangoni akitazama taa ya bibi, akaona haya kwenda, asije akaonekana na watu, habari zikatufikia. Tumekaa na neno hilo muda mrefu, nalo ndilo lililotuamuru tuandike habari hizi.

Kwanza tuseme viazi hivi ni nini. Si jamaa ya kiazi kitamu wala ya kiazi ulaya, ingawa sisi twaviita vyote viazi. Ni jamaa ya kiazi kikuu, ambacho watu wa pwani na wa visiwa vya Unguja na Pemba hukipanda mashambani. Wenye elimu ya mimea wameuita ukoo huu Dioscorea, kwa heshima ya Dioskorides, mganga aliyeandika kwa Kiyunani vitabu vya dawa za mimea katika karne ya kwanza, zamani za Mitume. Walimu watapenda kujua ya kwamba alikuwa mtu wa Kilikia, nchi ile ile ya Mtume Paulo. Aina za ukoo huu duniani zapata 600 na zaidi. Karibu zote ni mimea itambaayo na kujizungushia miti. Katika misitu minene isiyopukutisha majani ziko aina zikaazo na ubichi mwaka mzima. Huku kwetu, penye kiangazi kikali, shina hufa kila mwaka, na kiazi hubaki hai chini ya udongo kikingoja mvua.

Katika nchi yetu ya kusini ziko mbili zimpasazo kila mtu kuzijua, ming'oko na ndiga. Hayo ni majina yanayojulikana kwa Kiswahili. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wana majina yao pia, na kila mwalimu na ayaulize kwa wazee wa mahali pake, maana jina la nyumbani ndilo watoto watakalolikumbuka.

Ming'oko ni chakula chema. Jani lake ni moja zima, lenye umbo la moyo, na mishipa yake huanzia pale jani lishikanapo na kikonyo, kisha hupinda kufuata ukingo mpaka nchani. Viazi vyake ni vyembamba na virefu, kama vidole vya mtu aliyefanya kazi nyingi, navyo hujificha chini sana katika udongo wa kichanga. Mwenye kuchimba huinama na muo wake saa nzima, apate vichache tu. Lakini avipatapo hana shughuli tena: huviosha, huvichemsha, hula kwa chumvi na pilipili. Vina utelezi kidogo, na asiyezoea hushangaa, lakini mzoevu hataki vingine. Katika masoko ya Mtwara, Lindi na Masasi akina mama huviuza vimekwisha kuchemshwa, vimepangwa mafungu mafungu, na watu wenye kazi za ofisi hununua bila kuona haya. Twasema hivi kwa sababu tulipokuwa wanafunzi katika shule ya misheni tuliwacheka wenzetu waliokuja na ming'oko katika vifurushi vyao. Tuliwaita watu wa porini. Sasa hao watu wa ofisini wanainunua kwa fedha.

Ndiga ni kinyume chake karibu katika kila jambo. Jani lake limegawanyika vijani vitatu, kama jani la maharagwe, lakini ni kubwa zaidi na lina malaika. Shina mara nyingi lina miiba. Wenye elimu hutazama pia jinsi shina lijizungushavyo mtini, maana la ndiga huenda kushoto, na la kiazi kikuu cha shambani huenda kulia. Viazi vyake havijifichi. Hukaa karibu na uso wa udongo, vimeshikamana kwa fungu, vinene na vizito, hata mtu mwenye jembe huweza kujaza kikapu kwa muda mfupi. Mtu mwenye njaa akiona hivyo humshukuru Mungu, naye amechimba sumu.

Iko na aina ya tatu, izaayo viazi vidogo juu kwenye shina, kwapani mwa majani. Baadhi yake hupandwa na huliwa, lakini ile imeayo yenyewe mwituni mara nyingi ni chungu na yadhuru. Asiyeijua na aiache.

Sasa msomaji atasema, Mbona ni rahisi? Jani moja ni chakula, majani matatu ni hatari. Ingekuwa rahisi kama watu wangechimba wakati wa mvua. Lakini njaa haiji wakati wa mvua tu, na viazi hivi huchimbwa kiangazi, shina likiisha kunyauka na kiazi kikiisha kujaa. Wakati huo majani yamekwisha kuanguka. Mchimbaji huona kamba kavu tu iliyoning'inia mtini, naye huifuata mpaka chini. Ndiyo sababu wazee waliokuwa na akili walipita mwituni mwezi wa Februari na Machi, majani yakiwa mabichi, wakakaza macho, wakafunga ugwe wa gome la mti juu ya kila mng'oko waliouona. Mwezi wa Agosti walirudi kwenye alama zao. Bibi yetu alipotuambia jambo hili tulitaka kucheka kwa jinsi lilivyo dogo. Lakini mama yule hakuwa nalo.

Sumu ya ndiga imechunguzwa na wataalamu, nao huiita dioskorini. Huingia katika mishipa ya fahamu, huleta degedege na hata kupooza. Jambo jema lake ni moja tu, nalo ni kwamba huyeyuka majini. Moto peke yake hautoshi. Lazima maji yaivute itoke, na maji hayawezi kuivuta upesi kutoka katika kipande kinene. Hapo ndipo elimu yote ya ndiga ilipo.

Bibi alikubali kutufundisha. Tulikwenda kwake, sisi na mwalimu mmoja wa shule na akina mama sita, mchana, tukipita njia kuu ili watu wote watuone. Alikuwa amekwisha kuchimba. Akamenya maganda yote, bila kuacha hata alama nyeusi. Kisha akavikata vipande vyembamba sana, akiviinua kimoja kimoja kuelekea jua, na kile kisichopitisha mwanga alikirudisha kisuni. Akina mama walipokata vinene aliwapiga vidole kidogo kwa mpini. Vipande vyote vikatiwa katika kikapu kilichosukwa wazi, kikafungwa mdomo, kikatiwa katika kijito mahali maji yaendapo mbio, mawe mazito yakawekwa juu. Kila siku alikwenda kuvigeuza. Siku tatu, alisema, ndizo chache kabisa. Yeye mwenyewe hakuwahi kutoa kabla ya siku ya tano, na mwaka ambao kijito kina maji machache huacha siku saba. Hakumruhusu mtu kuteka maji upande wa chini wa kikapu, wala mbuzi kunywa hapo.

Siku ya tano akatoa kipande, akakigusisha ncha ya ulimi, akatema. Tulimwuliza kama hiyo ndiyo alama ya kuwa ni salama. Akatutazama kama tutazamavyo sisi mtoto anayedhani ameyajua maandiko kwa kuwa ameijua alfabeti. "Kikiwasha, kirudishe majini," alisema. "Kisipowasha, bado hujajua kitu. Hesabu siku." Kisha akachemsha, akamwaga yale maji shimoni, akachemsha tena kwa maji mapya. Vipande vilivyobaki akavianika juu ya jamvi mpaka vikakauka kama makopa, vitwangwe kuwa unga.

Mahali pasipo na kijito, wazee walitumia vyungu vyenye maji ya chumvi, wakiyabadili asubuhi na jioni kwa siku nyingi zaidi. Lakini hapa ni lazima tuseme wazi: asiyepata mtu aliyekwisha kuifanya kazi hii kwa mikono yake, akaikaa mbele yake akaiona mwanzo hata mwisho, asijaribu ndiga kwa kusoma gazeti hili. Sisi tumeandika ili watu wajue kwamba kazi hii ni ndefu, na kwamba iko na wenyewe.

Watu wengine wa mbali nao wana desturi kama hii. Katika kisiwa cha Java na visiwa vingine vya Indonesia uko mmea ulio ndugu wa ndiga, wenye vijani vitatu na sumu ile ile, uitwao gadung. Wenyeji hukata kiazi chake vipande vyembamba na kukiloweka siku kadhaa kabla ya kukila. Mabibi wa huko na mabibi wa huku hawakupata kuonana, nao wamefikia jambo moja. Twadhani kila mahali palikuwa na makaburi kabla ya kulifikia.

Bibi yetu aliyapata haya kwa bibi yake, ambaye alikuwa msichana wakati wa Vita vya Majimaji. Wasomaji wa upande wetu wanajua jinsi vita vile vilivyoanza mwaka 1905, na misheni ya Masasi, iliyokuwapo tangu 1876, ikateketezwa moto mwaka ule ule. Yaliyofuata husemwa mara chache zaidi. Serikali ya Wadachi ilipoona kwamba watu wamekimbilia porini, ikachoma mashamba na ghala ili njaa iwatoe. Hata vita vilipokwisha, mwaka 1907, waliokufa kwa njaa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Serikali yenyewe ilitaja watu 75,000. Waandishi wa historia wa baadaye wametaja hata 300,000. Waliopona, wengi walipona kwa mizizi na matunda ya mwituni. Sisi tulio hai leo katika nchi hii, wengi tu wajukuu na vitukuu vya watu waliojua kuhesabu siku za ndiga.

Tazama basi jinsi mambo yalivyo magumu. Chakula hiki ni cha wakati wa njaa, lakini chataka siku tano, na mwenye njaa ndiye mtu asiye na siku tano. Watoto wake wanalia leo. Siku ya kwanza hujiambia kwamba labda wazee walizidisha. Siku ya pili huonja, haoni kitu, huteleka chungu. Si ujinga tu uuao hapo. Ni haraka ya huruma ya mama.

Jambo hili halimo katika ndiga peke yake. Ng'ambo ya mto Rovuma, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, ambako wengi ni Wamakua kama Wamakua wetu, mwaka 1981 palikuwa na ukame mkubwa. Mihogo mitamu ikaisha, watu wakabaki na mihogo michungu. Walijua tangu mababu jinsi ya kuitoa uchungu kwa kuianika siku nyingi, lakini hawakuwa na siku hizo, nao wakaila kabla haijawa tayari. Watu zaidi ya 1,000, wengi wao akina mama na watoto, walipooza miguu, na miguu ile haikurudi. Wenyeji waliita maradhi hayo mantakassa. Daktari Hans Rosling wa Uswidi, aliyekuwa akifanya kazi huko Nacala wakati ule, alikuwa mmoja wa walioyachunguza. Nao waliona kwamba sababu yake ni sumu ya mhogo, pamoja na kukosa vyakula vya kujenga mwili kama samaki na kunde. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, maradhi yayo hayo, ambayo madaktari huyaita konzo, yalionekana upande wetu pia, mkoani Mtwara. Mhogo twaupanda kila mwaka, twaujua kama tunavyojua majina yetu, na bado haraka ya njaa ilitushinda. Je, ndiga ambayo hatuigusi kwa miaka kumi?

Wako ndugu, na miongoni mwao wamo walimu tunaowaheshimu, wanaosema kwamba dawa ni kuikataza ndiga kabisa. Husema zamani zimepita. Siku hizi kuna barabara, kuna maduka, na mwaka wa njaa serikali huleta mahindi. Maneno yao yana haki ndani yake. Sisi pia twapenda kwamba nyumba ya Mkristo ipande mtama na mihogo ya kutosha na kuweka akiba, kabla ya kwenda mwituni na muo. Tena viazi hivi ni wanga mtupu. Asiyeongeza kunde, majani mabichi au dagaa atashiba bila kupata nguvu. Lakini mahindi ya msaada mara nyingine hukawia, na mama aliyekaa siku mbili bila kupika hawezi kuyangoja. Kukataza tulikwisha kukataza. Tulikataza hata kuingia katika nyumba ambayo elimu ile ilikuwamo.

Kwa hiyo shauri letu kwa walimu ni kwamba jambo hili lifanywe mwaka wa shibe. Matumbo yakiwa yamejaa, siku tano si kitu. Watoto waweza kwenda kijitoni kila jioni kugeuza kikapu wakiimba, wakajifunza kwa miguu yao urefu wa siku tano. Na ming'oko ifundishwe kwanza, maana anayeijua ming'oko vema hana haja kubwa ya ndiga. Watoto wapelekwe mwituni mwezi wa Februari, waone majani, wafunge alama.

Hapo liko neno jingine, nalo latuhuzunisha kidogo. Ming'oko inapungua. Vichaka vinafyekwa kwa mashamba na kwa kuni, na bei ya soko imewaleta wachimbaji wasio na subira, wang'oao kila kitu na kuacha mashimo wazi ambamo ng'ombe huvunjika miguu. Bibi alipoona shimo la namna hiyo alikaa kimya muda, kisha akasema, "Huyu hana watoto." Desturi yake ni kukata viazi na kuacha kichwa, yaani pale shina litokapo, akakirudisha shimoni na kukifukia kwa udongo laini, mvua ikija, kichwa huchipua tena. Tumesoma kwamba Wabaka, watu wa misitu ya Kameruni, hufanya vivyo hivyo kwa viazi vya mwituni vya kwao: huchukua kiazi, huacha kichwa mahali pake, na baada ya muda hurudi pale pale kuchimba tena. Mtu apitaye huona msitu mtupu, kumbe ni shamba la mtu.

Wako wasomaji watakaotuuliza kama Bibi amebatizwa sasa. Hajabatizwa, wala hatukuweka jambo hilo kuwa malipo. Huja kanisani siku nyingine, hukaa karibu na mlango, na mahubiri yakirefuka huondoka. Mama wa yule mtoto aliyefariki huenda kwake kila wiki kumchotea maji, nao hukaa pamoja barazani. Wayasemayo hatuyajui.

Mwezi wa Februari uliopita tulitoka na wanafunzi wa darasa la tano, Bibi akitangulia na fimbo yake. Walifunga nyugwe juu ya ming'oko thelathini na mmoja. Juu ya kila ndiga walifunga nyugwe mbili, kwa shauri la msichana mmoja ambaye hakutumwa na mtu. Agosti tukarudi na miuo. Ile kazi ilichukua asubuhi nzima, na kikapu hakikujaa hata nusu. Mvulana wa mwisho alichimba vizuri, akakata viazi vyake, akarudisha kichwa shimoni na kufukia, akasimama akijipangusa mikono kama mtu aliyemaliza. Bibi akamwita arudi, akafukua kwa vidole vyake mwenyewe, akamwonyesha: alikuwa amekifukia juu chini. Akamgeuzia, akampa udongo, akamwambia afukie upya.